Lenzi ya kunyoosha mwanga wa LED: usikosee nilivyokosea mimi

Ndugu yangu, umeuliza ununue lenzi ya aina gani ili taa ya LED ya mashua yako ipige mbali bila kutawanyika. Hapa Lamu nilitaka taa ya kumulika ukingo wa mikoko tukirudi usiku kutoka Manda. Nikanunua kwanza, nikafikiri baadaye.

Aina ngoja. Pima kwanza chipu yenyewe, kile kipande kidogo ndani ya LED kinachotoa mwanga. Miale hutoka sambamba kamili endapo chanzo ni nukta iliyokaa kwenye fokasi, yaani pale lenzi inapokusanya miale ya mbali, na LED si nukta. Chipu yangu ina milimita 3. Kwa lenzi yenye fokasi ya milimita 50, yaani umbali wa kutoka lenzi hadi fokasi, mwanga hutanuka kama digrii 3.4, yaani doa la mita 6 hivi ukimulika mita 100. Fokasi ya milimita 10 ingenipa digrii 17. Hiyo ni taa ya kulia chakula barazani.

Basi nikajiona mjanja, nikachukua fokasi ya milimita 100, lenzi yenyewe upana wake milimita 25. Doa likawa dogo kweli, lakini hafifu mno! LED humwaga mwanga mbele na pembeni, na karibu wote uliishia kwenye kuta za bomba la taa. Ukirefusha fokasi, panua na lenzi, la sivyo unaitesa betri bure.

Sasa aina. Ile ya kawaida, bapa upande mmoja, yatosha kwa kuanzia: bapa lielekee taa, tumbo lielekee nje. Mimi niliigeuza, doa likazungukwa na ukungu, nikailaumu lenzi wiki nzima. Ukitaka lenzi pana yenye fokasi fupi, tafuta asferiki, ambayo tumbo lake si la duara kamili. Akromati ya vioo viwili, inayozuia rangi za mwanga zisitengane, kwa taa ya mashua ni israfu.

Niliyobaki nayo ni ya Fresnel, ya plastiki, yenye mifereji ya duara badala ya tumbo nene. Mfaransa Augustin Fresnel aliibuni kwa ajili ya minara ya taa, na ya kwanza iliwashwa kwenye mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Ni pana, nyepesi, bei nafuu. Mifereji yake hutazama nje, na chumvi hujaa humo, kwa hiyo weka kioo mbele. Mchana ifunike kitambaa, maana jua likiingia hukusanyika palepale penye chipu.

Kuikaza, subiri giza, mulika ukuta wa mbali, sogeza lenzi polepole. Ukiona umbo la mraba la chipu limejichora ukutani, kaza skrubu.