Mwalimu wa chuo anaweza kuwa jaji? Nawasimulia wa kwangu

Mkuu umeuliza kama mtu aliyezeeka na chaki chuoni anaweza kuwa jaji au lazima aanzie uhakimu. Anaweza. Katiba ya Tanzania ibara ya 109 inataka digrii ya sheria na miaka isiyopungua 10 ya kuwa na sifa zinazotakiwa, mfano za kusajiliwa kuwa wakili, sio lazima uwe ulikuwa hakimu, halafu Rais ndo anateua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Prof. Ibrahim Juma si kafundisha sheria Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) miaka kibao, 2017 akawa Jaji Mkuu.

Wa kwangu jina naliacha. Alitufundisha Mlimani, kipindi saa moja asubuhi, unashuka daladala unakimbia unakuta kashafunga mlango. Ukianza na "kwa mujibu wa kifungu..." anakukata hapohapo, "nani anamdai nani, nini?" Mwaka mzima ni hiyo na ile kesi ya 1969 ya Mukisa Biscuit, kwamba pingamizi la awali (lile la kutaka kesi itupwe kabla haijasikilizwa) ni hoja ya sheria tupu, likishahitaji ushahidi hamna pingamizi hapo. Tulimwita Biskuti (sio mbele yake).

Miaka ikaenda, akateuliwa, na mimi nikawa wakili mbichi, joho la kuazima limenipwaya mabegani. Kesi ya kiwanja Mbagala. Nikaibuka na pingamizi kwamba mdai hana haki ya kushtaki maana kiwanja alishauza, hapo najiona nimemaliza kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anaandika, wala hakuonyesha kama ananijua, na angefanyaje, mawakili wa Dar kawafundisha wengi mno, akijitoa kila akiona sura anayoijua si kesi zote zitalala. Kisha akavua miwani.

"Wakili msomi, kwamba aliuza, tutajuaje?"

Nikasema kuna mkataba wa mauziano Mheshimiwa.

"Huo mkataba ni sheria au ushahidi?"

Koo likanikauka. Wakili wa upande wa pili, tulisoma wote yule, kainamia jalada mabega yanamtikisika. Pingamizi likatupwa na gharama juu.

Cha kuangalia ni umri, jaji wa Mahakama Kuu anastaafu 60, wa Rufani 65, ukichelewa sana chuoni kiti hukikalii muda mrefu. Yeye alikaa miaka michache tu. Sasa hivi karudi kufundisha vipindi viwili vitatu, mdogo wangu yupo darasani kwake, ananiambia kuna mfano mzee anaupenda sana, wa wakili mmoja na kiwanja cha Mbagala.