Sitka, KUIU au Fjällräven kwa kazi ya kitaluni? Dogo, usitume hiyo advansi kwanza

Usitume hiyo hela. Nimesoma swali lako lote: unaanza kazi kwenye kitalu cha uwindaji chini ya mwindaji bingwa (PH) msimu ukifunguliwa Julai, unataka kujua kati ya chapa za nguo za porini, Sitka, KUIU na Fjällräven, ipi inadumu, halafu chini kabisa umetupia kwamba kuna muuzaji wa mtandaoni umeshamwahidi advansi, yani malipo ya awali, ya seti nzima, jaketi la softisheli, lile laini la sintetiki, la bluu iliyoiva na suruali ya mabakamabaka. Hapo ndo nikaacha chai. Maneno anayokuambia huyo nayajua mpaka mpangilio wake, kwamba wazungu wote wa porini wanavaa hiyo, haipitishi maji, haichaniki, ni ya maisha. Mimi duka moja liliniambia hivyo hivyo, likabeba tipu zangu za msimu, na kilichofuata nitakueleza kirefu kwa sababu naona unaelekea kule kule.

Suruali ya mabaka haina hata mjadala. Tanzania raia kuvaa nguo inayofanana na sare za jeshi ni kosa, haijalishi imeandikwa Sitka au imeandikwa nini. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe sare na nguo zinazofanana nazo, sasa wewe unataka upande basi mpaka Manyoni umevaa kombati? Hata wageni huwa wanaambiwa kabla hawajapanda ndege kwamba mabaka waache kwao. Na hayo mabaka huku hayakusaidii kitu. Mengi yamechorwa kwa ajili ya mtu aliyekaa juu ya mti kule Marekani na upinde wake anamsubiri kulungu apite chini. Sisi tunatembea. Mbogo anakunasa kwa upepo na kwa kelele kabla hajakunasa kwa macho, ndo maana traka, yule mfuata nyayo, anatembea na kimfuko cha majivu anakitikisa kila mara aone upepo unaelekea wapi, hutamsikia hata siku moja akiuliza suruali yako ina mchoro gani.

Sasa bluu. Aisee, bluu! Umewahi kuona vile vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa pembeni ya njia ukiingia maeneo ya mbung'o? Ile ni mitego. Bluu inamvuta mbung'o kutoka mbali, nyeusi inamfanya atue, na kitambaa kimewekwa dawa, akigusa anakufa. Wewe unataka kutoa malaki ya shilingi uvae mtego usio na dawa. Na mbung'o sio mbu, yale mafuta ya kufukuza wadudu hayamsumbui sana, kitambaa chepesi kikibana pajani au begani anakitoboa bila shida. Mara nyingi ni maumivu na uvimbe tu lakini ndo huyo huyo anayebeba malale, kwa hiyo usinidanganye eti utavumilia. Juu ya hapo wanyama wenye kwato wanaiona bluu vizuri kuliko nyekundu, yani rangi uliyochagua inawaita wadudu na inawaamsha wanyama kwa wakati mmoja.

Seti yangu, jaketi na suruali, ilikuwa bluu hiyo hiyo, muuzaji aliipa jina zuri, "rangi ya usiku". Nje nailoni, katikati ule utando wa kuzuia maji, ndani flisi, kile kitambaa chenye manyoya. Tulikuwa pori la akiba la Rungwa, Oktoba, joto limeshakaba, tunafuata nyayo za madume wawili wa mbogo toka alfajiri. Kinyesi bado kibichi, kila mtu kabana pumzi, hata mgeni mwenyewe aliyelipia kuwinda alishaelewa hakuna kuongea. Tukaingia kwenye kichaka cha kikwata, ile miiba midogo iliyopinda kama ndoana, na kila tawi likinipitia pajani, shwaa. Hatua mbili, shwaa. Mjini huwezi kuisikia hiyo sauti, ila porini upepo umetulia inaenda mbali sana. Traka wetu, mzee mmoja mpole ajabu, akainua mkono, wote tukaganda. Akageuka. Usoni hakuniangalia, aliniangalia miguu. Akamnong'oneza PH, PH akanisogelea akaniambia taratibu kabisa, mdogo wangu, rudi kwenye gari.

Basi, ndo ikawa hivyo. Nimekaa kwenye Land Cruiser na dereva mpaka jioni. Dereva kavaa kaki yake iliyopauka, mbung'o wanamtembelea mmoja mmoja, anawapiga na kofia huku anapiga stori. Kwangu wamejaa mgongoni na mapajani, nikiua watatu wanatua sita. Mchana tukasikia bunduki, mgeni kapata dume lake, kina traka wamerudi wanaimba, na mimi sijui hata lilisimama wapi, lilipigwa likiwa limegeukia upande gani, damu ilikuwa ya mapafu au ya tumbo, hakuna nilichojifunza siku ile. Tipu ya mbogo ilipogawiwa waliokuwa kwenye nyayo ndo waliotangulia, na ni haki yao.

Hapo ndo gharama ilipo, dogo, wewe unaangalia bei ya dukani tu. Mwanafunzi wa uwindaji anafundishwa kwenye nyayo. Ukirudishwa garini hufundishwi, na PH akishakuona ni mtu wa kelele, siku ya mbogo au chui anamchukua mwingine, unabaki kuchemsha chai kambini mpaka asahau, na hawasahau haraka.

Halafu kuna dobi. Hili wale wanaolinganisha nguo za Wazungu hawakuambii hata siku moja kwa sababu wao wanafua kwa mashine, maji ya baridi, wanaanika kivulini. Kambini nguo zinafuliwa karibu kila siku. Maji yanachemshwa kwenye pipa, sabuni ya mche, inasuguliwa kwenye jiwe au ubao, inaanikwa kwenye jua lenyewe, jioni inapigwa pasi ya mkaa. Na huwezi kumwambia dobi asipige pasi maana kuna nzi anataga kwenye nguo mbichi zikianikwa, ukivaa bila pasi funza anaingia kwenye ngozi, uvimbe wake unauma kuliko jipu. Ule moto ndo unaua mayai. Sasa pasi ya mkaa haina kitufe cha kuchagua joto, ina mkaa tu. Jaketi langu kitambaa cha nje kiling'aa, kikajikunja, ule utepe uliogundishwa ndani ya mishono ukabanduka vipande vipande, lastiki ya suruali kiunoni ikalegea ikafa. Dobi hana kosa, alifanya kazi yake vizuri. Bado cheche za moto wa jioni, nailoni ikipata cheche haiungui kama pamba, inayeyuka, inaacha kitundu chenye ukingo mgumu, na ikiyeyukia kwenye ngozi ni habari nyingine.

Nikamwandikia muuzaji. Unajua alijibu nini? "Hukufuata maelekezo ya lebo." Lebo inasema usipige pasi, usianike juani, usiloweke. Sawa bwana muuzaji, lakini kabla sijanunua nilikuandikia wazi kwamba naenda kazini Rungwa, kambini, miezi ya joto, nikakuuliza inafaa, ukajibu "ndo yenyewe hiyo". Ulijibu ukiwa umekaa wapi? Umewahi kumwona dobi wa kambi? Umewahi kupita kwenye kikwata hata mara moja? Watu wa namna hii wananikera kuliko wezi wa simu, maana mwizi wa simu hajifanyi mshauri. Wanawauzia vijana wanaoanza kazi, wasio na mtu wa kumuuliza, wanawamalizia akiba yote, na kijana akirudishwa garini wao hawapo.

Haya, chapa ulizouliza.

Sitka iko chini ya W. L. Gore tangu 2009, ndo hao hao wa Gore-Tex, kwa hiyo uwezo wao mkubwa ni mvua, upepo na baridi. KUIU ilianza 2011 California, wanamuuzia mteja moja kwa moja, nguo zao nyepesi, za kuvaa tabaka juu ya tabaka, mtu anapanda mlima na mzigo mgongoni siku nzima. Ukipata kazi ya kuwinda kondoo wa milimani Alaska nitakuambia chukua mojawapo wala usiulize tena. Ni nguo nzuri, zinadumu kule zilikotengenezewa, ila kule hakuna kikwata wala pasi ya mkaa. Kitu pekee cha aina hiyo ninachokikubali huku ni fulana ya ndani ya sufu ya merino, kwa sababu alfajiri ya Julai juu ya gari la wazi baridi inakata masikio na sufu haishiki harufu ya jasho haraka. Hiyo fua mwenyewe, dobi asiione.

Fjällräven, Wasweden, tangu 1960. Hapo ndo unakaribia. Kitambaa chao cha G-1000 ni poliesta 65 kwa pamba 35, kimefumwa kikabana, mwiba unateleza badala ya kunasa. Ila wana ile nta yao ya parafini na nta ya nyuki ya kupaka ili maji yasipite, usiipake, inaziba hewa na Oktoba utaiva ndani ya suruali. Na zile suruali zao zenye vipande vya kuvutika ziache, miiba inakamata pale pale kwenye kipande laini. Filson wa Seattle, tangu 1897, turubai lao lililopakwa nta ni imara kweli, ila ni joto mno kwa huku. Carhartt, Detroit, tangu 1889, pamba nzito, inastahimili miiba vizuri lakini ikilowa umande asubuhi unatembea na kilo za maji mpaka saa nne. Mitumba ya Carhartt inapatikana na wala sio mbaya kwa kazi za kambini.

Kwa hiyo kanuni ni moja na nitairudia mpaka unichoke: soma lebo ya ndani, jina la kifuani achana nalo. Unatafuta pamba na poliesta, 65 kwa 35 au karibu na hapo, au pamba tupu ya kaki. Uzito gramu 200 mpaka 250 kwa mita ya mraba, chini ya hapo mbung'o anapenya, juu ya hapo unapika mwili. Ikiwa ripstopu vizuri zaidi, ile yenye vijimraba vidogo vya uzi mnene, ikichanika mchaniko unaishia kwenye uzi unaofuata, haufiki goti. Ukiona spandeksi, ule uzi wa kuvutika, ukiona utando wa maji, ukiona flisi, rudisha. Flisi kwa miombo hata usiijaribu, Agosti upupu umekauka, vile vinywele vyake vinaingia kwenye flisi na havitoki hata ukifua, utajikuna mpaka msimu ufungwe. Rangi iwe ya udongo, ya majani makavu, kahawia iliyopauka. Kijani kibichi iliyokolea iogope, inaweza kukuletea maswali yale yale ya sare, na muulize PH kwanza maana kampuni nyingi zina sare zao.

Halafu kipimo: ishike suruali karibu na sikio, ikwaruze pajani kwa kucha, haraka haraka. Ukisikia mlio wa juu, mkavu, wa kukwaruza, hata mbogo atausikia. Kaki nzuri iliyofuliwa mara kadhaa inatoa sauti ya chini sana, inafifia. Ndo maana nguo mpya usiende nayo, fua nyumbani mpaka ile gundi ya kiwandani iishe na rangi ianze kupauka, na usitumie sabuni ya unga ya kung'arisha.

Na hapa nikuambie kitu ambacho kingeniokolea hela nyingi kama kuna mtu angenieleza. Nenda kwa fundi cherehani. Nunua kitambaa cha kaki cha kazi, kile cha makampuni ya ulinzi na mashambani, soma pindo la jora wameandika mchanganyiko wake, mpe fundi ashone suruali mbili na mashati mawili. Mwambie uzi wa poliesta, uzi wa pamba unaoza kwa jasho. Mishono ya mapaja apige mara mbili na kukunja, magotini aweke kitambaa cha pili, kwenye kona za mifuko apige tak nene, ule mshono mfupi wa kukaza. Mshono wa katikati ya miguu ndo unaachia kwanza siku ya kuruka korongo, msimamie mpaka aupige vizuri. Suruali ya hivyo ikichanika kitaluni hata dobi anaishona kwa sindano ya mkono usiku ule ule, hiyo softisheli yako nani ataishona?

Viatu nadhani uliuliza pia. Courteney za Bulawayo au Jim Green za Pietermaritzburg, ngozi tupu, soli laini isiyogonga mawe, visiwe na utando wa maji ndani maana vikilowa havikauki. Vivae mjini mpaka vikuzoee.

Kwa sasa mwambie huyo jamaa akutumie picha ya lebo ya ndani, ya jaketi na ya suruali, uziweke hapa tuzisome pamoja. Akianza kuzungukazunguka kuhusu lebo, mblock. Na kama advansi ilishatoka, anza kuidai leo, usisubiri mzigo ufike.