Maswali ya Wasomaji: Macho ya Mifugo na Machozi Yake

SWALI: Ndama wangu wa miezi mitano anatokwa na machozi jicho moja, shavu zima limelowa na nzi hawambanduki. Mtaalamu alimpachika kikaratasi kwenye kope, kisha akamtia tone la rangi. Alikuwa anatafuta nini? Jicho linalomwaga maji hivyo laweza kuwa kavu?

JIBU: Laweza, ndiyo maana alipima. Machozi yana matabaka matatu. La juu ni mafuta yanayotoka kwenye vitezi vilivyojipanga ukingoni mwa kope, nayo huzuia maji yasikauke upesi. La kati ni maji yenyewe, yanayotoka kwenye tezi iliyo juu ya jicho na nyingine iliyo kwenye kope ya tatu, ule utando wa kona ya ndani ya jicho. La chini ni ute unaoyashikiza maji kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Kope zikivimba mafuta hupungua, na ute ukiharibika maji huteleza tu. Konea hubaki na mabaka makavu yanayochoma, na maumivu hayo huzifanya tezi zizidi kumwaga maji. Shavu linalowa, jicho linaendelea kuumia.

Kikaratasi hupima maji peke yake. Hukunjwa kwenye alama, ncha ikaingizwa ndani ya kope ya chini, kikaachwa dakika moja, kisha husomwa urefu uliolowa. Ng'ombe mwenye jicho zima kwa kawaida hupita milimita 15, na wengi hupita 20. Kipimwe kabla ya kuosha jicho au kutia dawa yoyote, la sivyo utapima ulichomimina mwenyewe. Rangi ile, fluoresini, hushika palipochubuka tu: penye kidonda pang'aa kijani.

Kwa ndama mwenye jicho moja bovu na nzi wengi, mshukiwa wa kwanza ni bakteria Moraxella bovis. Jua kali, vumbi na mabua makavu huichubua konea, na nzi huwabeba bakteria kutoka uso hadi uso. Ukiona doa jeupe katikati ya jicho, usingoje kesho. Mtenge ndama, mweke kivulini. Safisha tongotongo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita 1, pamba mpya kwa kila jicho, na unawe mikono kabla ya kumgusa mwingine.

Dawa inayotumika sana ni sindano ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini, ile ya kudumu mwilini, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Ndama wa kilo 100 anahitaji miligramu 2,000, yaani mililita 10 za dawa ya asilimia 20. Daktari anaweza kuirudia baada ya saa 72. Wengi hushindwa hapa kwa sababu ya kukisia uzito: ndama wa kilo 140 akipewa dozi ya kilo 80, jicho hutulia siku chache kisha kidonda hurudi. Tumia utepe wa kupimia kifua.

SWALI: Mbuzi wangu jicho la kushoto limekauka, halifumbi, sikio la upande huohuo limelegea na mate yanamdondoka. Nimtie dawa gani ya macho?

JIBU: Muite daktari leo, maana jicho hapa ni dalili tu. Neva ya uso ndiyo inayofumba kope, na baadhi ya nyuzi zake huiamuru tezi ya machozi. Ikipooza, konea hubaki wazi na maji hayaji. Kwa mbuzi na kondoo, chanzo kikubwa ni bakteria Listeria wanaoingia hadi kwenye shina la ubongo, hasa pale mifugo inapolishwa sileji, yaani majani yaliyovundikwa, iliyoingia hewa au kuota ukungu. Mnyama anayetibiwa angali anasimama ana nafasi. Akishalala chini, nafasi huwa ndogo sana. Wakati unamsubiri daktari, paka mafuta laini ya kulainisha macho kila baada ya saa chache, na uondoe sileji hiyo kwa kundi zima. Bakteria huyu huambukiza watu pia: maziwa yachemshwe, na mjamzito asimhudumie mbuzi huyo.

SWALI: Nina marhamu ya macho iliyobaki ya binadamu. Naweza kuitumia kwa ng'ombe?

JIBU: Hapana. Baadhi zina steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, kama vile deksamethasoni. Penye kidonda, steroidi huzuia konea isijiunge na huwapa bakteria nafasi, na jicho laweza kutoboka. Chumvi kavu, sukari na unga wa tumbaku navyo huchubua, visitiwe kamwe.

SWALI: Baada ya kiangazi kirefu, mitamba wangu wanajikwaa jioni na macho yanatoa maji. Ni nzi?

JIBU: Anza na lishe. Nyasi zilizokauka na kupauka hazina karotini ya kutosha, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Akiba ya ini humvusha mnyama miezi kadhaa, ndiyo maana dalili huchelewa. Wapitishe jioni kwenye njia yenye vizuizi: wakigonga ilhali mchana wanaviepa, shuku vitamini hiyo. Wape majani mabichi au hei yenye kijani, na daktari aamue kuhusu sindano, kwa kuwa kiasi kikizidi hudhuru. Upofu huo wa jioni hupona. Ndama anayekua asipoona hata mchana, huku mboni zimepanuka, neva ya jicho huwa imebanwa na mfupa, na huyo hapati tena kuona.