Kabla ya ramani, soma namba ya shasi

Saa nane mchana, mpaka wa Kongo na Zambia, Kasumbalesa, upande wa Kongo. Nimepiga magoti kando ya moto yangu (ndivyo tunavyoita pikipiki) na kitambaa nilichokilowesha kwa maji ya kunywa, nasugua tope lililokauka kwenye shingo ya usukani, pale ilipochongwa namba ya shasi. Afisa amesimama pembeni na karatasi mbili. Moja ni karte roze yangu, yaani kadi ya usajili wa moto, ya pili ni kibali cha muda nilichopewa nilipoingiza moto Zambia. Kwenye chuma kuna 5. Kwenye karte roze kuna 5. Kwenye kibali cha Zambia, mahali pale pale, kuna S.

Nilikuwa narudi kutoka safari yangu ya kwanza ya kuvuka mpaka kwa moto, Julai 2019. Siku tatu kwa mpango, duara moja: Lubumbashi, Kipushi, Solwezi, Chingola, Kasumbalesa, nyumbani. Kama kilomita mia tano hivi, na zaidi ya mia moja kati ya hizo ni udongo mtupu. Mchanga nilikuwa nimeuogopa mwezi mzima, na haukuniangusha hata mara moja. Kilichonisimamisha saa nne nzima ni herufi moja.

Tangu siku ile kila anayekuja kwangu kuomba ushauri anaanza na tairi na mabegi. Namwelewa, ndizo raha zenyewe. Ila mimi namrudisha kwanza kwenye karatasi, kwa sababu njia mbaya unaweza kuipita polepole, lakini karatasi mbaya haipiti hata ukienda polepole namna gani.

Kosa langu lilianzia Kipushi siku ya kutoka. Pasipoti yangu iligongwa muhuri, nikafurahi, nikawasha moto. Sikuomba karatasi inayoonyesha kwamba moto nayo imetoka Kongo. Mtu na chombo chake ni wasafiri wawili tofauti mbele ya mpaka: wewe unapita kwa watu wa uhamiaji, moto inapita duane, yaani forodha. Nilipotokea Kasumbalesa, mpaka mwingine kabisa, afisa aliuliza swali la haki: nitajuaje kwamba moto hii haukuinunua Zambia, na kwamba huingizi mali bila ushuru? Ushahidi pekee wa karatasi niliokuwa nao ni kile kibali cha Zambia, na kile kibali kilikuwa na S. Nilikipokea Kipushi, nikakikunja, nikakitia mfukoni bila kukisoma.

Kwa hiyo, wiki mbili kabla ya safari, fanya hivi. Osha shingo ya moto mpaka namba ya shasi ing'ae. Ilinganishe na karte roze, herufi kwa herufi, wewe ukisoma chuma na mwenzako akisoma karatasi kwa sauti. Namba ya injini vilevile. Piga picha. Kama karte roze iko kwa jina la aliyekuuzia, usiondoke: badilisha jina, au tafuta barua ya idhini kwa notari. Na kila karatasi unayopewa mpakani isome pale pale dirishani, watu wakikusukuma mgongoni hata kama wanalalamika. Karani hachukii kusahihisha herufi ukiwa bado mbele yake. Ukirudi baada ya siku tatu, kwenye mpaka mwingine, hapo ndipo inakuwa kesi.

Karatasi nyingine ni hizi: pasipoti, permi (leseni ya udereva), na kadi mbili za njano ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni ya chanjo ya homa ya manjano. Ya pili ni Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, yaani bima ya kuvukia mpaka, kwa sababu bima yako ya Kongo peke yake inaishia mpakani. Mwenzetu mmoja alijibu "kadi ya njano ninayo" kwa uhakika wote, akatoa ya chanjo mbele ya mtu aliyekuwa anauliza bima. Kuhusu visa, konsula ya Zambia iko hapa hapa Lubumbashi. Nenda ukaulize mwenyewe mwezi mmoja kabla, usitegemee maneno ya bar. Na habari za mpaka zisikilize mpaka asubuhi ya kuondoka. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa muda mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, wakati wa mvutano juu ya vinywaji ambavyo Kongo ilikuwa imekataza kuingizwa. Aliyekuwa ng'ambo siku ile alilala ng'ambo.

Kwa nini nashauri kutokea Kipushi na si Kasumbalesa? Kipushi iko kilomita 30 tu kutoka Lubumbashi, na mpaka unapita karibu na mji wenyewe. Ni mji wa mgodi. Zinki na shaba vilianza kuchimbwa pale 1924, kazi ikasimama 1993, na uzalishaji umerudi 2024. Mpakani pake kuna utulivu kuliko Kasumbalesa. Kasumbalesa ndipo malori ya shaba yanapanga foleni ndefu, na makomisionere, madalali wa mpakani, wanakushika mkono kabla hujavua kofia, kila mmoja akisema yeye ndiye atakupitisha. Mtu wa safari ya kwanza akianzia pale anachoka kabla ya safari. Anzia mahali ambapo karani ana muda wa kukuangalia usoni.

Kuna jambo moja la Kipushi ninalolipenda sana. Mpaka wetu na Zambia upande huu umefuata mgongo wa nchi unaogawa maji. Mvua inayoanguka upande wa Kongo inaishia Atlantiki kupitia mto Kongo. Inayoanguka hatua chache kusini inaingia Kafue, halafu Zambezi, halafu Bahari ya Hindi. Hakuna mlima, hakuna kitu cha kuonyesha kidole. Kwa mwendesha moto maana yake ni nzuri: kwenye mgongo wa maji hakuna mto mkubwa wa kuvuka. Ila kuna mabonde mapana ya majani, madambo, ambayo kiangazi yanapitika vizuri na masika yanameza gurudumu lote. Ndiyo maana nasema Mei mpaka Agosti, na Novemba mpaka Aprili ubaki nyumbani. Juni na Julai asubuhi ni baridi kweli. Vidole vikiganda huwezi kushika breki vizuri, basi tafuta glovu.

Sasa moto yenyewe. Yangu ni Yamaha DT 125 ya zamani, niliyoinunua imeshatumika. Nilimpelekea Papa Kasongo, fundi wangu wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nikiwa na orodha ndefu ya vitu vya kununua. Aliizunguka mara mbili, akashika cheni, akainua gurudumu la mbele na kulitikisa, halafu akaniambia:

"Mwanangu, moto iko muzuri. Ile siku utapasua pneu kule mu pori, ni nani ataitosha?"

Nikasema nitatafuta mtu. Akanikabidhi vyuma viwili vya kutolea tairi, akakaa kwenye kigoda, akaniamuru nitoe gurudumu la nyuma, nitoe mpira wa ndani, niurudishe, nijaze upepo. Mara tatu. Mara ya kwanza nilitumia saa moja na nusu, na nikautoboa mpira mpya kwa chuma changu mwenyewe. Mara ya tatu, dakika thelathini na tano. Kwangu hilo ndilo somo kubwa la ufundi kwa safari kama hii. Huhitaji kujua kufungua injini. Jua kuziba pancha, kubadilisha buji (plagi), kubadilisha kebo ya ambriaji (klachi), kukaza na kupaka mafuta cheni. Beba rustini (viraka vya mpira) na gundi yake, pampu, mpira wa ndani wa gurudumu la mbele (ule wa inchi 21 unaweza kukuokoa hata nyuma, ukikunjwa kidogo), buji mbili, kebo moja, waya, na kama moto yako ni ya kuchanganya mafuta, lita moja ya oili yake. Basi. Kila kilo unayoongeza utaiinua mwenyewe siku moto ikilala chini.

Mafuta: jaza tenki, tembea kilomita mia njia ya udongo na mizigo yako yote mgongoni mwa moto, jaza tena. Utajua. Yangu ilikuwa inakunywa lita 4 kwenye lami, ikawa karibu 5 kwenye udongo. Kati ya Kipushi na Solwezi ni kama kilomita mia moja za pori, sikutegemea kituo chochote, nikabeba lita 3 za ziada kwenye kidumu.

Njia ile, nilipoipita, ilikuwa udongo mwekundu kati ya miti ya miombo, na vichuguu vikubwa kuliko nyumba. Mahali pa mchanga nilisimama kwenye vikanyagio, nikarudisha mwili nyuma, nikaacha usukani ucheze kidogo mikononi bila kuugombeza, gesi ile ile, bila breki ya mbele. Anayefunga gesi katikati ya mchanga kwa hofu ndiye anayeanguka. Punguza upepo kidogo kwenye tairi, na ukifika lami rudisha.

Halafu kuna wenzetu wa makala, wauza makaa. Upande wetu, kabla ya Kipushi, utawakuta wanasukuma au kuendesha kinga (baiskeli) zilizobeba magunia kupita kimo cha mtu. Wao hawawezi kusimama ghafla, wala hawawezi kutoka kwenye mfereji ulionyooka wanaoufuata. Gunia likiinama tu, mzigo wote unaenda chini na mtu chini yake. Wewe mwenye injini ndiye unayetoka pembeni. Pita polepole, usimwagie mtu vumbi la kazi yako ya raha usoni, na msalimie.

Hatari kubwa ya Zambia haikuwa udongo. Sisi tunaendesha kulia, wao kushoto. Mpakani kila mtu anakumbuka, kwa sababu magari yapo na kichwa kiko macho. Unasahau baadaye. Asubuhi ya pili, nje ya Solwezi, nilitoka kituo cha mafuta, barabara tupu, jua zuri, nikajikuta natembea kulia kwa raha zangu mpaka lori likatokea kwenye kona mbele yangu. Dereva alipiga honi ndefu, nikakimbilia shimo la pembeni. Yaya Mwamba, mkubwa wangu niliyesafiri naye, aliyekuwa nyuma yangu kwa moto yake, alisimama, akachana kipande cha kitambaa chekundu, akakifunga kwenye kioo changu cha kushoto. "Mdogo wangu, kila ukiwasha, angalia huku kwanza." Hakusema neno lingine siku nzima. Kitambaa kile sijakitoa mpaka leo. Funga cha kwako kabla ya kuondoka Lubumbashi.

Pesa: badilisha kidogo tu mpakani, za kutosha ada na chakula cha siku, nyingine badilisha benki mjini. Zambia ilitoa noti mpya za kwacha Machi 2025, basi ziangalie sura zake kabla ya kumpa mtu dola zako. Lugha haisumbui kama unavyofikiri. Solwezi ni nchi ya Wakaonde, Chingola wanasema Kibemba, na Kiswahili chetu cha Lubumbashi kimejaa maneno ya Kibemba. Sema "mulishani" na uso wa mtu unafunguka. Karatasi tu ndizo ziko kwa Kiingereza, na yetu iko kwa Kifaransa, kwa hiyo jifunze kusema kwa Kiingereza mambo matano: jina lako, unatoka wapi, unaenda wapi, siku ngapi, moto ni ya nani. Kamera iache kwenye begi mpakani na karibu na migodi. Na zawadi ya malakiti, lile jiwe la kijani, hata iwe ndogo, iache nyumbani. Jiwe la Katanga mfukoni mpakani linaleta maswali usiyo na karatasi za kuyajibu.

Usiku wa pili tulilala Chimfunshi. Unaacha lami ya Solwezi na Chingola, unaingia udongo tena karibu kilomita 20 kuelekea Kafue. Ni makao ya sokwe walionyang'anywa wawindaji na wauzaji, yaliyoanzishwa 1983 na David na Sheila Siddle kwenye shamba lao la ng'ombe. Sokwe wa kwanza, Pal, alikuwa ametolewa Zaire na majangili, akiwa amejeruhiwa. Nilisimama kwenye uzio nikimwangalia sokwe mmoja mzee akichagua majani kwa kidole, taratibu kama mama anayechagua mchele, nikafikiria kwamba wengi wa hawa asili yao ni misitu ya kwetu, na kwamba wao walivuka mpaka huu bila mtu kuwauliza. Piga simu kabla ya kwenda, usitokee tu.

Siku ya tatu ndiyo niliyoipanga vibaya. Tulikaa asubuhi nzima pale, tukafika Kasumbalesa saa saba. Saa nne za ile S zilipoisha, afisa akiwa amelinganisha picha zangu za Kipushi, plaki (kibao cha namba) na chuma chenyewe, kulikuwa kunakaribia giza, na mbele yetu zilibaki kilomita tisini na kitu nyuma ya malori, vumbi na taa za kupofusha. Tuliomba chumba pale pale Kasumbalesa, tukala bukari (ugali) na samaki, tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Wewe ondoka Chimfunshi alfajiri, uwe Kasumbalesa saa tatu, gonga muhuri wa kutoka Zambia, rudisha kibali cha moto pale kinapotakiwa na uombe nakala, ndipo uvuke. Bahasha ya karatasi ikae kifuani, ndani ya koti, siyo chini ya mizigo.