Kabla hujakata ubao wa kwanza wa Dorade

Modeli yangu ya kwanza ya Dorade, mashua ya matanga ya mbio, ilitoka nene. Mbao zilikaa vizuri, msasa ulipita, vanishi iling'aa, lakini kila nilipoitazama kutoka mbele, usawa wa omo, niliona mashua nyingine kabisa. Nilikaa nayo wiki kadhaa ndipo nikalijua kosa. Wewe unayeanza, nakuandikia mapema usije ukapoteza miezi kama mimi.

Mchoro wa umbo la chombo mara nyingi huonyesha uso wa nje wa mbao. Mimi nilikata mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa kuufuata mstari huohuo, kisha nikabandika juu yake mbao za milimita 2. Milimita mbili kulia, mbili kushoto, jumla 4. Kwenye skeli ya 1:24 hizo ni karibu sentimita 10 za chombo halisi. Dorade ina urefu wa futi 52 na upana wa futi 10 na inchi 3 tu. Mezani kwako ni sentimita 66 kwa 13. Kwenye umbo jembamba namna hiyo, milimita 4 haziwezi kujificha. Basi chunguza kwanza: mchoro wako ni wa nje ya mbao au wa ndani? Kama ni wa nje, punguza unene wa ubao kwenye kila taruma kabla hujashika msumeno.

Wenzangu walinishauri niiache tu, eti imependeza zaidi ikiwa na kifua. Sikukubali, kwa sababu wembamba ndio Dorade yenyewe. Olin Stephens, Mmarekani wa New York, aliichora mwaka 1929 akiwa na miaka 21. Chuo cha teknolojia cha MIT alikisoma mwaka mmoja tu, ugonjwa ukamtoa. Baba yake, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, ndiye aliyegharamia ujenzi, na mwaka 1930 ikashushwa majini huko City Island, New York. Olin alizipenda mashua nyembamba za mbio za karibu na pwani, akachukua umbo la aina hiyo kwa ajili ya bahari kuu, kwa mataruma mepesi yaliyopindwa kwa mvuke na madini mazito ya risasi chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Mwaka 1931, yeye na mdogo wake Rod wakiwa ndani, ilivuka Atlantiki kwenye mbio kutoka Newport, Marekani, hadi Plymouth, Uingereza, kwa siku 17, ikawatangulia wengine kwa siku mbili. Ni kweli kwamba baadaye Olin mwenyewe aliiona nyembamba mno, na Stormy Weather ya mwaka 1934 akaipa upana wa futi 12 na nusu. Lakini huyo ni mchoraji anayerekebisha kazi yake, kwa chombo kingine chenye jina lingine. Sisi tunaounda modeli hatuna ruhusa hiyo.

Kwenye kubandika mbao, usipeleke upande mmoja hadi mwisho. Ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, la sivyo gundi ikikauka mkuku utapinda na hakuna randa itakayounyoosha. Kila ubao uchonge upungue kuelekea omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Ukiona unaulazimisha ukae, uvue, umeuchonga vibaya. Na chagua mti wenye nyuzi ndogo, maana mbao za nyuzi kubwa, hata ziwe za thamani, kwenye skeli hii huonekana kama magogo.

Milingoti ni miwili, mkubwa na galme, ule mdogo, huku nyuma kabisa. Hapo hapana shida kubwa, fuata mchoro.

Ila usiruke visanduku vya hewa vya juu ya sitaha, vile ambavyo mabaharia mpaka leo huviita kwa jina la Dorade. Ni kazi ya Rod. Wengi hubandika tarumbeta ya hewa, lile bomba lenye mdomo mpana, juu ya kipande cha mti, basi. Elewa kinavyofanya kazi: tarumbeta iko upande mmoja wa kisanduku, na bomba la kwenda chini liko upande wa pili, limeinuka juu ya sakafu yake. Hewa hupita ikashuka, maji ya mawimbi hubaki na kutokea kwenye vitundu vya chini. Kwa hiyo toboa vile vitundu kwa sindano kabla ya kupaka vanishi. Ukitoboa baadaye, rangi hubanduka pembeni.