Oksaidi mbili zisizopitisha kuran, zikigusana inapita?

SWALI: Yaya, tochi ya baba ilikataa kuwaka, akaifungua akakuta springi imeshika kutu, akaikwangua na kisu ikawaka, akanieleza kutu ni chuma kilichokutana na oksijeni na haitaki kupitisha kuran. Sasa mwalimu wa fizikia anasema kuna oksaidi mbili (metali zilizoungana na oksijeni), kila moja peke yake haipitishi kitu, lakini pale zinapogusana kuran inapita. Iko kweli? (Mwanafunzi, Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Iko kweli, mudogo wangu, na tangu niisikie hii habari haijanitoka kichwani. Akira Ohtomo na Harold Hwang waliionyesha 2004, walichukua kristali ya strontiamu titaneti wakajenga juu yake lanthanamu aluminati, tabaka kwa tabaka, sawa vile fundi anapanga matofali.

Siri iko mu zile tabaka. Za chini hazina chaji, lakini za lanthanamu aluminati zinapishana, moja chanya moja hasi, chanya, hasi, na ukizidi kuongeza volteji inapanda tu, sawa mawe ya radio ukiyapanga moja nyuma ya lingine, mpaka kristali inashindwa kubeba, basi elektroni zinashuka toka juu zinakuja kukaa kwa titaniamu pale pale mpakani na zinatembea. Vyumba 3 vya lanthanamu aluminati kwenda juu (chumba ni kile kipande kidogo kabisa cha kristali kinachojirudia), kimya. Vyumba 4, unene wa kama nanomita 1.6, inapita!

Na angalia hii: tabaka ya juu kabisa ya strontiamu titaneti, pale mpakani, ikiwa ya titaniamu na oksijeni kuran inapita, ikiwa ya strontiamu na oksijeni haipiti. Tabaka moja tu ya atomu. 2007 watafiti wengine wakaipoza mpaka karibu kelvini 0.2, karibu kabisa na baridi ya mwisho, ukinzani ukaisha kabisa.

Kuna wanaosema elektroni zinatokana na oksijeni iliyotoroka mu kristali wakati wa kuipika, na ni kweli ikitoroka zinaongezeka. Mimi naegemea hesabu ya tabaka juu ya ile tofauti ya vyumba 3 na 4, ila peke yake haitoshi, maana inadai nusu elektroni kwa kila chumba cha mpakani na zinazopimwa mara nyingi ni chache zaidi.

Baba aendelee kukwangua. Kutu ni punje zimelundikana ovyo, hakuna tabaka zilizonyooka za kusukuma elektroni.