Vifaranga wa wiki tatu mgongo uko wazi, ni ugonjwa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Mbeya, nina vifaranga 60 chotara wana wiki tatu sasa. Wengine mabawa yamefika mkiani, wengine mgongo upo wazi kabisa ngozi inaonekana. Chakula cha dukani kimepanda bei so wiki iliyopita nikaanza kuwachanganyia pumba za mahindi. Je wanaumwa? Na jiko la mkaa la kuwapa joto naweza kutoa? Pia aliyeniuzia alisema wenye mabawa marefu ndo mitetea, ni kweli?

JIBU: Marahaba dada. Usikimbilie dawa kwanza, wiki tatu ndo umri ambao kifaranga anakuwa na sura mbaya kuliko wakati wote, yale manyoya laini aliyotoka nayo kwenye yai yanapukutika na ya kudumu hayajafika, yanaanza kwenye mabawa, yanafuata ya mkia na mabegani, mgongo na tumbo vinachelewa, kichwa na shingo ndo mwisho. Wengi wanajifunika kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8. Chotara pia damu imechanganyika, kuna wanaoota haraka na kuna wa taratibu, hasa wenye asili ya kuku wazito wa nyama, kwahiyo kutofautiana ndani ya banda moja ni kawaida.

Ila leo jioni mshike mmoja mwenye mgongo wazi umwangalie kwenye mwanga. Ukiona ngozi safi ina vijiti vidogo vidogo vinachomoza kama miiba, huyo yuko njiani, muache. Ukiona vidonda au vijiti vimekatika vina damu basi wanadonoana. Unyoya mchanga una damu ndani yake, ukidonolewa unavuja na wenzake wakiona wekundu hawaachi, wanaweza kumla mwenzao mpaka afe. Mtoe aliyejeruhiwa akae peke yake mpaka kidonda kikauke, wapunguzie msongamano (kama wote 60 wako kwenye mita moja ya mraba hapo ni pachache, waongezee angalau mara mbili), taa isiwe kali.

Sasa hizo pumba, hapa ndo nina wasiwasi kweli dada yangu. Unyoya karibu wote ni protini, na kifaranga wa umri huu anahitaji chakula chenye protini asilimia 18 hadi 20, pumba za mahindi peke yake hazifiki hata 12. Akikosa protini manyoya yanachelewa, yanatoka yamechakaa, halafu anaanza kutafuta manyoya ya wenzake ale. Rudi kwenye chakula cha vifaranga mpaka wafike wiki ya 8. Kama hela haitoshi kabisa changanya na dagaa na mashudu ya alizeti, dagaa ndo wenye kile kirutubisho kinachojenga unyoya ambacho nafaka hazina cha kutosha, lakini wasiwe wa chumvi na wapepete mchanga kwanza, na soya ikiwepo ikaangwe, mbichi inawazuia kukua.

Jiko usitoe kwa kuhesabu wiki. Kawaida tunaanza nyuzi joto 32 mpaka 35 wiki ya kwanza tunashusha kama 3 kila wiki, ila Mbeya na baridi ya usiku ile, kifaranga mwenye mgongo wazi hana blanketi. Mchana jua likiwaka zima jiko, usiku washa mpaka migongo ifunike. Wakijibana pembeni ya jiko wanalia, joto halitoshi, wakikaa mbali midomo wazi mabawa yameachana, limezidi, na joto likizidi kila siku manyoya nayo yanachelewa. Na kwa kuwa unatumia mkaa tafadhali acha tundu la hewa juu, moshi usioonekana unaua banda zima usiku mmoja, na mtu asilale humo.

Kuhusu mitetea, alichosema kina ukweli nusu. Hiyo njia inafanya kazi kwa kifaranga wa siku moja au mbili, tena kwa mbegu zilizopandishwa makusudi, jogoo wa kuota haraka kwa tetea wa kuota taratibu, hapo wa kike ndo wanatoka na mabawa marefu. Kwa chotara ambao hujui wazazi wao, na wiki tatu zimeshapita, huwezi kugawa kwa mabawa. Subiri wiki ya 6 hadi ya 8 uangalie upanga wa kichwani, wa jogoo unakuwa mkubwa na unaanza kuwa mwekundu mapema.

Kama kuna wanaosinzia, wanaharisha damu au wanakufa, hiyo ni habari nyingine, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata yako siku hiyohiyo.